Faili la Fundi Chilumba

Ninyi mnaojifunza kompyuta pale Same, mkiniona nimeshuka kutoka Suji na kikapu changu cha maparachichi mnaniambia shikamoo bibi, nami naitika marahaba, halafu mnarudi kwenye simu zenu. Hamna kosa. Mtajuaje kwamba huyu bibi wa maparachichi alikaa miaka yake yote ya kazi akikagua mafaili, akiyapekua kama askari wa geti anavyopekua mikoba? Anayejua ni Nuru, yule dada mwenye duka la kompyuta karibu na stendi, na ndiye aliyenikaba niandike. "Bibi Naelijwa," kaniambia, "usipoandika, hawa wadogo zangu wataendelea kudhani virusi vinaletwa na upepo." Haya, naandika. Ila nawaonya mapema: ninaanza na kazi, namalizia na mtu.

Mradi wetu ulikuwa wa maji, na ulikwisha zamani. Ofisi ilikuwa Same mjini, chumba cha nyuma chenye madirisha mawili, moja linatazama barabara kuu na vumbi lake, la pili linatazama mlima. Vijiji vya juu vilituletea kumbukumbu za mvua na za zamu za ndiva. Kwa wale waliotoka mbali: ndiva ni lambo letu la asili, tunalijenga kwa mawe na udongo, maji ya kijito yanalala humo, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani, na kila familia ina siku yake. Mpare unaweza kumchukulia kuku wake akanuna siku mbili akasahau. Mchukulie zamu yake ya maji uone.

Makao makuu nao walituletea programu za kuingizia hizo kumbukumbu. Zilikuja zimebanwa, maana disketi ilikuwa na nafasi kiduchu, na hata flashi za mwanzo hazikuwa na nafasi ya maana. Unapewa faili moja lenye mkia wa "exe". Ukiligonga mara mbili linajifungua lenyewe, linamwaga vilivyomo, linaanza kazi. Ni kitu kizuri sana, kama ndani kuna kile ulichoambiwa. Shida ni kwamba kwa nje huoni. Linaweza kuwa limebeba kirusi, linaweza kuwa limevunjika njiani, na ukishaligonga umechelewa. Kazi yangu ilikuwa kujua kabla halijagongwa.

Aliyenifundisha ni Fundi Chilumba. Alikuwa mtu wa Newala, aliletwa huku akiwa kijana kufanya kazi kwenye shamba la mkonge kule tambarare, na hakurudi kwao tena. Shambani alikuwa mkaguzi wa marobota. Siku kompyuta ya kwanza ilipoletwa kwenye ofisi ya mizani, makarani wote walisimama mbali, eti ikiharibika utakatwa mshahara. Yeye akavuta kiti akakaa. Mradi ulipokuja kutafuta fundi, ulimkuta hapo hapo amekaa. Alikuwa mfupi, miwani imefungwa kwa uzi mweusi, na alikuwa anazungumza na mashine kama unavyozungumza na ng'ombe wa maziwa. "Haya mama, tulia. Tueleze kuna nini humu."

Siku yangu ya kwanza sikuelewa neno hata moja alilosema kuhusu mafaili, mpaka alipoachana na kompyuta akaanza kunieleza mkonge.

"Katani ikishapigwa brashi," akasema, "inaingia kwenye presi, inabanwa, inakuwa robota. Sasa kulikuwa na wajanja. Katani mbovu wanaiweka katikati, nzuri wanaizungushia nje. Ukilitazama, robota zuri, unalipenda. Mimi sikuwa natazama. Nilikuwa napima. Uzito umeandikwa kwenye kibandiko, mizani inasema nini? Vikipishana, nakata kamba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Fundi."

"Bado. Nisikilize vizuri, mwanangu. Usimwangalie aliyeleta. Akileta mnyapara, pima. Akileta rafiki yako, pima. Akileta mtu usiyempenda, pima vilevile."

Maneno hayo nimeyavunja mara mbili katika maisha yangu. Mtazisikia zote mbili.

Kwanza mjue tulivyokuwa tunafanya. Dirishani, upande wa mlima, kulikuwa na meza ya peke yake, na juu yake mashine moja chakavu isiyounganishwa na mwenzake yeyote. Fundi alikuwa ameibandikia karatasi: USIUNGE MTANDAO. Kila disketi, kila CD, kila flashi iliyoingia kwenye ofisi ile ilipita kwanza hapo. Hata meneja akitoka makao makuu na flashi yake mfukoni, alisimama kwenye foleni. Fundi alikuwa ameipa ile mashine masharti ya ajabu kidogo: isifute kitu. Ukiiambia futa, inaondoa faili mbele ya macho yako lakini inaliweka karantini, limefungwa, haliwezi kumdhuru mtu. "Kitu ukikifuta umepoteza ushahidi," alikuwa akisema. "Shambani robota bovu hatukulichoma. Tuliliweka pembeni mpaka tujue nani kalifunga."

Jambo la pili, mkia wa faili. Kompyuta nyingi huficha mkia, na huo ndio ujinga wake mkubwa. Uambie mashine ionyeshe mikia yote. Kisha usiamini picha. Faili linaweza kuvaa picha ya folda, ya njano kabisa, kumbe ni programu. Folda la kweli halionyeshi ukubwa kwenye orodha. Ukiona folda lina ukubwa, kaa nalo mbali. Na ukitaka kuhakikisha, lifungue kwa ile programu ndogo ya kuandikia maandishi matupu. Utaona takataka nyingi zisizosomeka, lakini tazama herufi mbili za kwanza. Kama ni M na Z, hiyo ni programu, hata ivae shela la bibi harusi.

Jambo la tatu, kuvunjika. Barua ya kawaida ikipoteza herufi moja bado utaisoma. Faili lililobanwa likipoteza herufi moja, yote yanayofuata yanaweza kuwa matope. Na mengi yanaweka orodha ya vilivyomo mwishoni, kwa hiyo likikatika njiani wakati wa kupakua, unabaki na mzigo usiojua una nini. Ndiyo maana tulikuwa na namba ya kupimia. Kuna programu ndogo, inasoma faili lote toka mwanzo hadi mwisho na kulitolea namba moja. Ikibadilika hata herufi moja ndani, namba inabadilika. Anayetuma anaitoa kwake, anaiandika kwenye karatasi. Wewe unaitoa kwako. Zikilingana, ulichonacho ndicho kilekile kilichotoka mkononi mwake. Ni kazi ya dakika mbili. Hizo dakika mbili mzishike kichwani.

Jamani, tulicheka sana kwenye ile ofisi. Kulikuwa na katibu mmoja wa kamati ya maji, ametoka Bombo, mzee mstaarabu wa suti. Safari ya kwanza tulimwambia disketi yake ina virusi. Safari ya pili akaileta imefungwa kwenye kitambaa cheupe, inanuka zahanati nzima. Alikuwa ameifungua akaisugua kwa spiriti, ndani na nje. "Sasa ni salama," akasema, "hata nesi kaithibitisha." Fundi hakucheka mbele yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akampa disketi mpya. Mzee alipofika barabarani ndipo Fundi akalala juu ya meza, machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nimejificha chini ya meza muda wote huo.

Ninakumbuka kicheko kile kuliko mishahara yote niliyowahi kupokea.

Fundi hakuwa na mtu. Mkewe alifariki yeye akiwa bado kwenye mkonge, watoto hawakujaaliwa, na ndugu zake wa Newala walikuwa wamebaki majina tu kwenye bahasha. Mara moja nilimchukua tukapanda Suji kwa mama. Tulipita Makanya, gari likaanza kukwea, na yeye aliyezoea joto la tambarare akaanza kujikunja kwa baridi kama kifaranga. Mama akampa makande, akampa shuka la mabegani, kisha akampeleka kuona ndiva. Aliona maji yamejaa mpaka ukingoni, na chini yake mashamba yamepangana kwa ngazi. Alisimama pale hata nikaogopa ameugua.

"Kila familia ina siku yake?" akauliza.

Mama akaanza kumhesabia, siku kwa siku, nani na nani. Akafika kwetu. Sisi pale ni Walutheri wachache katikati ya Wasabato, na Jumamosi jirani zetu wote wako kanisani, hakuna anayegusa jembe. Kwa hiyo tangu enzi za babu, Jumamosi ni zamu yetu, na maji yake ni mengi kuliko shamba letu linavyohitaji.

"Basi nusu mnaitupa," Fundi akasema.

"Sasa tumpe nani?" mama akajibu. "Wewe ukistaafu njoo. Kile kiraka cha chini kimekaa bure. Jua likifika pale kwenye mwamba, sisi tunakuwa tumeshiba maji, tunakugeuzia wewe mfereji. Utapanda nini?"

"Kabichi," akasema bila kufikiri. "Kwetu hazikubali. Tangu nije huku naziona zinashuka na magari kutoka mlimani, nasema moyoni, siku moja nitalima zangu."

"Mkataba?" nikamtania. "Ninyi watu wa Newala mnaaminika kweli?"

"Bora sisi. Ninyi Wapare hata mkipeana salamu mnataka mashahidi wawili."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo kila Jumatatu Fundi aliniuliza, kabla ya salamu, "Kiraka changu hakijachukuliwa?" Nami namjibu, "Kipo, mzee. Maji yanakungoja."

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Dada yangu alifanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, mimi ndiye msimamizi, na kesho yake mpiga picha akanipa flashi. Nilifika ofisini nimevimba kwa furaha. Wenzangu wa upande wa mbele wakaniita, "Dada Naelijwa, tuone basi!" Meza ya dirishani nilikuwa naiona, hatua kumi tu. Nikasema moyoni, hizi ni picha za dada yangu, nimepewa na mtu ninayemfahamu, nipime nini? Nikaichomeka kwenye kompyuta ya karani. Nikaona folda la njano limeandikwa jina la dada. Nikaligonga mara mbili.

Halikufunguka. Nikaligonga tena! Mungu wangu, mimi, mwanafunzi wa Chilumba, niligonga kirusi mara mbili ili kihakikishe kimeingia. Kabla ya chakula cha mchana, mafolda yote ya ofisi yalikuwa yametoweka, na mahali pake kumejaa mafolda ya bandia. Kumbukumbu za mvua, zamu za vijiji, ripoti iliyokuwa inangojwa, vyote haviko. Wenzangu wakatazamana, wakanitazama mimi.

Meneja akaingia. "Nani ameingiza hiki kitu?"

Nilikuwa kwenye mkataba wa majaribio, na dawa za mama za presha zilikuwa zinatoka kwenye mshahara ule. Nilikuwa bado natafuta maneno, Fundi Chilumba akasimama dirishani, akavua miwani, akasema, "Ni mimi, mheshimiwa. Nilipitiwa."

Nikanyamaza. Hilo ndilo nililofanya, wanangu. Sikusema hapana, sikusema ni mimi. Nilitazama kibodi.

Tulifanya kazi bega kwa bega kurudisha vitu. Vingi vilikuwa vimefichwa tu, havijafutwa, tukavitoa kimoja kimoja. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha, na meneja hakumwongezea. Siku ya kuondoka nilimfuata nje. Nikasema, "Fundi, mimi..." Akanikatiza. "Wewe una mama mlimani. Mimi nina sanduku moja. Nenda ndani, kuna CD tatu hazijapimwa." Akapanda basi akaenda kwao Newala, kwa ndugu waliobaki majina. Angeweza kupanda Suji siku ileile, kiraka kilikuwepo. Lakini hakuniuliza siku hiyo kama kimechukuliwa, na mimi kwa aibu sikumwambia kwamba kipo.

Mara ya pili nilipoyavunja maneno yake ilikuwa miezi michache baadaye. Kondakta wa basi akaniletea bahasha. Ndani mlikuwa na flashi ndogo na kipande cha karatasi, mwandiko wa Fundi, ule unaolalia kushoto. Kulikuwa na jina la faili, ukubwa wake, namba ya kupimia, na maneno mawili: "Pima, ufungue." Basi. Hakuna salamu.

Nikakaa kwenye meza ya dirishani. Nikaichomeka. Antivirusi ikapiga kelele skrini nzima nyekundu. Hatari! Faili la kutiliwa shaka! Nami nilikuwa najua kabisa kwa nini inaweza kupiga kelele vile. Fundi alikuwa na njia yake mwenyewe ya kubana programu zake, na antivirusi ikikuta faili limebanwa kwa njia isiyoijua, inashindwa kuona ndani, basi inabweka kama mbwa aliyeona mgeni. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nalifundisha wengine!

Lakini moyo wenye hatia una akili zake. Nikawaza, hakuna salamu. Ana hasira. Nilimharibia kazi kwa kirusi, naye ananirudishia kirusi. Ananionyesha. Nikamwangalia aliyeleta, sikupima mzigo. Mashine ikaniuliza, nikabonyeza Futa. Faili likatoweka. Flashi nikaifuta yote, nikaitumia kwa kazi nyingine, mpaka ikaja kufa. Karatasi ndiyo sikuweza kuitupa. Niliiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo za kanisani, na kila tukifika kwenye wimbo ule wa ukurasa ule nilikuwa nageuza haraka.

Sikumwandikia. Namba yake ya simu haikupatikana, na mimi, niseme kweli, nilifurahi kwamba haipatikani.

Miaka ikaenda. Mradi ukafungwa, nikahamia kazi nyingine ya aina ileile, programu zikaanza kushuka zenyewe kutoka mtandaoni na kujikagua zenyewe. Mama akafariki. Siku moja sokoni Same nikakutana na mzee aliyefanya kazi na Fundi kwenye mkonge, ametoka kusini kusalimia watoto wake. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za Chilumba.

"Aa, Chilumba tulimzika," akasema. "Siku nyingi sasa. Na alikuwa anakutaja. Akisikia kuna mtu katoka huku, anauliza, hajanipa barua? Halafu uzee ulimwingia kidogo. Alikuwa na kopo la mbegu za kabichi, kila mwaka ananunua mpya. Tukamcheka, kabichi Newala, utazimwagilia mate? Anasema si za hapa."

Nikamshukuru yule mzee, nikamnunulia soda, nikarudi stendi. Sikumbuki nilivyofika Suji.

Toka hapo ndipo nilipoanza kulitamani lile faili. Mnajua kutamani kitu ulichokifuta kwa mkono wako? Unapika, unalikumbuka. Unapalilia, unalikumbuka. Nilikuwa nalala na kuiota ile skrini nyekundu, na ndotoni vidole vyangu vinakaribia kubonyeza, nami najipigia kelele, acha, pima kwanza! Wala sikuwa natamani faili tu. Nilitamani dirisha lile, mlima ukiwa na ukungu asubuhi, na mtu mfupi anayeambia mashine haya mama, tulia. Nilitamani Jumatatu moja tu, aniulize kiraka chake, nimjibu.

Kisha mwaka jana Nuru akanipigia. Stoo ya ile ofisi ya zamani ilikuwa inasafishwa, wamemwita achukue machuma ya kompyuta.

"Bibi, kuna moja ina karatasi juu. Imeandikwa usiunge mtandao. Niiuze kwa kilo?"

"Weee! Uiguse uone!" Nilipiga kelele majirani wakatoka. Maana wakati uleule, nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, nilikumbuka masharti ya Fundi. Ile mashine haifuti kitu.

Nilishuka asubuhi ya pili yake na kitabu changu cha nyimbo kwenye kikapu. Mashine haikuwaka. Nuru akakata tamaa, mimi nikamwomba raba, ile ya kufutia penseli. Nikachomoa RAM, nikaisugua meno yake ya dhahabu taratibu, nikapuliza, nikairudisha. Ikaguna, ikawaka. Nuru akaniangalia kama nimefufua mtu. Saa ya mashine ilikuwa imerudi mwanzo kabisa, kama haijawahi kuishi.

Tukafungua karantini. Orodha ndefu, virusi vya zamani vimelala humo vyote. Na katikati, jina lilelile la kwenye karatasi.

"Bibi, hilo limewekewa alama nyekundu," Nuru akasema. "Lifute tu, usituletee balaa."

"Nyamaza, mwanangu. Tunapima."

Nikalitoa, nikalipitisha kwenye programu ya kupimia, na mashine yenyewe mzee, ikawa inavuta pumzi. Ikatoa namba. Nikafungua kitabu cha nyimbo. Nuru akasoma ya kwenye skrini, mimi nikafuata kwa kidole kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Tulipofika ya mwisho tulikuwa tunanong'ona wote wawili. Zililingana. Lilikuwa zima, kama lilivyotoka mkononi mwake.

Nikaligonga mara mbili.

Skrini ikawa nyeusi, yakaja maandishi ya njano, maana Fundi alidai macho yake yanaona njano vizuri. Juu pameandikwa ZAMU ZA NDIVA. Chini yake siku zote za juma, na kila siku familia yake, majina yote ya majirani zetu. Alikuwa ameyashika yote, vile mama alivyomhesabia siku ile moja. Hakukosea hata moja. Jumamosi, nusu ya kwanza: kina Naelijwa. Jumamosi, nusu ya pili: hapo palikuwa patupu, kuna kistari kinapepesa. Na chini kabisa: "Ahadi ya mama bado ipo? Bonyeza N kwa ndiyo, H kwa hapana."

Nikabonyeza N.

Mashine ikaandika: "Asante, mwanangu. Niandikie hata neno moja, nitapanda basi siku hiyohiyo. Mbegu ninazo."

Nililia pale dukani, wateja wakisubiri kupigiwa fotokopi. Nuru alifunga mlango wa kioo, akavuta kiti karibu, akaniacha. Baadaye akauliza kwa adabu kama anaweza kulifungua upya abonyeze H, tuone. Nikamruhusu.

"Kama ni hapana, si neno," mashine ikaandika. "Mambo ya ile flashi yaliisha siku ileile. Msalimie mama. Na uendelee kupima."

Wanangu, nimekaa na lile jibu tangu siku ile. Mtu ambaye nilidhani ananitumia kirusi, alikuwa ameniwekea hata nafasi ya kumkataa bila kuona aibu. Nami sikumpa ndiyo wala hapana. Nilimpa kimya, akanunua mbegu mpya kila mwaka. Na Nuru alikuwa amepima kwa saa ya simu yake, tangu kulitoa karantini mpaka kulinganisha namba. Dakika mbili, na hapo tulikuwa tunasoma polepole.

Nyie mna mashine zinazojikagua, na ni vizuri, msizizime. Lakini zikipiga kelele, kaeni chini mpime wenyewe kabla ya kubonyeza. Na mkiletewa mzigo na mtu mliyemkosea, huo ndio mpime kwa makini kuliko yote.

Jumamosi, jirani zangu wakiwa wanaimba kanisani, mimi huwa ndivani. Nafungua maji, nanywesha shamba letu. Jua likifika kwenye mwamba nageuza mfereji kwenda kiraka cha chini. Nimekijaza kabichi chote. Watu wanaopita wananiuliza, bibi, uko peke yako, kabichi zote hizi za nani? Nawajibu ni za Fundi Chilumba, na ni mimi niliyemchelewesha.